Ukiambiwa mmea una soko, uliza ni nani anayenunua asilimia

Barua iliyofika mezani kwangu wiki jana imetoka kwa mama mmoja wa Membley, kule Ruiru, karibu na pale Barabara ya Thika inapokutana na Eastern Bypass. Mama huyu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili, wengi wao walimu na wauguzi, ambao kwa muda wa miaka mitatu wamejiwekea akiba ya shilingi 480,000. Sasa amejitokeza kijana mmoja nadhifu, mwenye tai na kompyuta ya kubeba, ambaye amewaeleza kwamba ulimwengu umechoshwa na kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli na unatafuta zile za mimea. Wakikodi shamba Kinangop na kununua miche ya pareto kutoka kwake, asema, kampuni moja ya ng'ambo itanunua kila ua litakalochanua.

"Je, mwandishi," auliza mama huyo, "tutoe pesa au tuziache benki? Wenzangu wanataka jibu kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, na mimi ndiye nitakayelaumiwa zikipotea."

Mpenzi msomaji, swali hili si la Membley peke yake. Kila baada ya miaka michache huzuka mmea fulani wa kututajirisha. Tumeimbiwa mshubiri, tukaimbiwa mlonge, tukaimbiwa mbono kaburi, na kila wimbo ulipokwisha, aliyebaki na pesa mfukoni alikuwa muuza miche. Ndiyo maana nimeonelea nilijibu swali hili hapa ukurasani badala ya kumwandikia mama huyo kivyake. Bila shaka viko vyama vingine Juja, Thika, Kahawa na hata Nakuru ambavyo vimeketi sebuleni na kijana kama huyo, chai ikipoa.

Kwanza nimtetee kijana kidogo. Anayosema kuhusu soko si uongo.

Ndoo ya sabuni

Akina mama wa Membley hawahitaji kwenda ng'ambo kuliona soko hilo. Wako wengi mtaani humo na mitaa ya jirani wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuiuza kwa majirani, kwa saluni na kwa wachoma nyama wa Kamakis. Wakienda dukani kununua malighafi huomba vitu viwili vikubwa: sulfoniki, na ule uji mzito uletao povu ambao wenyewe huuita ungerol. Sulfoniki hutokana na mafuta ya petroli. Ungerol, ingawa nayo huchanganywa na vya petroli njiani, kwa kawaida huanzia kwenye mafuta ya kokwa za mchikichi au ya nazi. Kwa hivyo katika ndoo moja ya mama wa Membley, kisima cha mafuta na shamba la michikichi vinakutana na kukorogwa kwa mwiko mmoja.

Mchikichi wenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, na watu wa Kigoma wanaufahamu tangu zamani. Lakini leo wanaoongoza duniani kwa mafuta yake ni Indonesia na Malaysia, na viwanda vyetu vya mafuta na sabuni, vile vya Thika vikiwemo, hutegemea mafuta hayo ya kuagizwa. Hilo pekee lingetosha kutufanya tujiulize mawili matatu.

Hali kadhalika, nani amesahau mwaka 2020? Korona ilipobisha hodi, nchi nzima ilitafuta spiriti ya kutengenezea dawa ya kusafisha mikono. Spiriti hiyo kwa hapa kwetu hutokana na molasi, yale masalio meusi ya kiwanda cha sukari, na ndiyo kazi ya kiwanda cha Agro-Chemical kilichoko Muhoroni. Uhaba ulikuwa mkubwa hata ethanoli iliyokuwa imenaswa na Mamlaka ya Ushuru ikatolewa itengenezewe dawa hiyo badala ya kumwagwa. Kemikali ya mmea ikawa lulu kwa miezi michache. Halafu korona ikapoa, na wako waliobaki na mitungi stoo hadi leo.

Na wazee wa Kiambu na Murang'a watakwambia kwamba Thika iliijua biashara hii kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Tangu miaka ya 1930, wakulima wadogo walipanda mti ambao Wakikuyu huuita muthanduku, mti wenye asili ya Australia, wakaubambua magome na kuyauza. Magome yalikamuliwa tanini ya kulainishia ngozi za viatu na mikoba. Thika palikuwa na kiwanda cha kazi hiyo, na Eldoret palikuwa na kingine kikubwa zaidi, cha kampuni ya EATEC, iliyokuwa na maelfu ya ekari za miti hiyo. Wengine walisomesha watoto kwa magome. Viwanda vya ngozi vya duniani vilipohamia kwa wingi kwenye chumvi za kromiamu, ambazo ni za haraka zaidi, magome yakakosa nguvu. Mashamba ya EATEC yaligawanywa na kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo huko hupandwa mahindi na nyumba.

Basi soko lipo, na limekuwepo siku zote. Ninalobishana na kijana ni neno moja tu. Yeye asema kampuni itanunua maua. Hakuna kampuni inayonunua maua. Inanunua kilichomo ndani ya maua, na hicho hupimwa kwa asilimia.

Ua jeupe la Nakuru

Hebu tulitazame pareto lenyewe, kwa sababu hakuna mmea unaotufundisha mambo haya kuliko huo, na darasa lenyewe lilifanyika hapa Kenya.

Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano, na asili yake ni pwani ya Dalmatia, nchi inayoitwa sasa Kroatia. Liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Ndani ya kitovu chake mna kemikali sita za jamii moja, ambazo kwa pamoja huitwa pairethrini. Mdudu akiguswa nazo neva zake huvurugika, naye huanguka papo hapo. Kwa binadamu na mifugo sumu yake ni hafifu, ingawa kwa samaki na nyuki ni kali, jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Na ikipigwa na jua huvunjika upesi, haibaki kwenye sukuma wiki wala ukutani.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyotawala soko. Huko ndiko ilikovumbuliwa ile dawa ya mbu ya kuchoma: mwaka 1890 Eiichiro Ueyama alitengeneza vijiti vya unga wa pareto, lakini vilikuwa vikiisha kabla usiku haujafika nusu, hadi mkewe, Yuki, alipomshauri vizungushwe kama nyoka aliyejikunja. (Kila ukiona duara lile la kijani likifuka moshi chini ya kitanda, mkumbuke huyo mama.) Vita vilipozuka, majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya mbu kwa wingi, na Kenya ndiyo iliyowapa. Tangu wakati huo tukawa wa kwanza duniani.

Pigo la kwanza lilikuwa DDT, iliyokuwa rahisi mno baada ya vita. Marekani ilipoipiga DDT marufuku mwaka 1972, pareto likapumua tena. Pigo la pili lilitoka maabara. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitangaza permethrini, kemikali ya kiwandani iliyoigiza umbo la ile ya ua letu lakini isiyovunjwa na jua. Binamu za permethrini ndizo zilizomo leo katika neti nyingi za mbu tunazolalia na katika makopo mengi ya dawa ya kupuliza. Walichukua mfano kutoka kwa ua, wakaacha mkulima.

Hata hivyo, sikiliza vizuri, hayo mawili hayakutuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilikuwa bado ikivuna zaidi ya tani 10,000 za maua makavu kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya pareto la dunia lilitoka hapa. Molo, Kinangop, Kisii, Nyamira, Limuru na milima ya Pokot, kote huko ua hilo lilikuwa karo, mabati na mahari. Maua yalipelekwa Nakuru, kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto, yakakamuliwa na kusafishwa hadi kupatikana kiini chenye pairethrini asilimia 50, kikasafirishwa ng'ambo. Hata makapi yaliyobaki yalikuwa na mnunuzi: yalilishwa ng'ombe.

Kilichotuua ni malipo. Mkulima alipeleka magunia yake, akapewa risiti, akaambiwa angoje. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Kwanza Bodi ilikuwa na shehena kubwa isiyouzika haraka, kisha ikawa na madeni, kisha mkulima akachoka. Aling'oa pareto akapanda viazi, kabichi na majani ya ng'ombe. Wanunuzi wa Marekani na Ulaya walipohitaji kiini zaidi, maua hayakuwepo. Kufikia miaka ya 2010 mavuno ya mwaka yalikuwa chini ya tani 1,000. Wako wazee waliozeeka na risiti hizo kwenye kasha, na wengine wamewarithisha watoto madai badala ya shamba lenye maua.

Je, wanunuzi walikaa wakitungoja? Thubutu! Kiwanda cha Marekani kinachotengeneza dawa ya kupuliza kimekwisha kusajili fomula yake, kimechapisha makopo, kina mkataba na maduka. Hakiwezi kumwambia mteja kwamba mwezi huu ua halikuchanua Molo. Kule Tasmania, kisiwa cha Australia, wakulima walikuwa wameanza kulima pareto kwa mashine tangu miaka ya 1980, wakisaidiwa na chuo kikuu chao. Vibarua wao ni ghali kuliko wetu mara nyingi, hali yao ya hewa si bora kuliko ya Kinangop, lakini waliweza kuahidi kiasi fulani cha kiini tarehe fulani na kukileta. Hilo ndilo lililonunuliwa. Wakawa wa kwanza duniani. Rwanda na Tanzania nazo zikajinyakulia sehemu, Tanzania kupitia kiwanda cha Mafinga kinachokamua maua ya Nyanda za Juu za Kusini.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu huwa tunasimuliwa kwamba kemikali za Wazungu ndizo zilizoliua pareto letu. Si kweli. Lilikufa sokoni huku soko likiwa bado na njaa.

Tangu Sheria ya Pareto ya mwaka 2013, kampuni za kibinafsi zimeruhusiwa kukamua na kununua, kaunti kadhaa zimegawa miche, na ua jeupe limeanza kuonekana tena mashambani. Na wanaolihitaji wapo: kilimo cha asilia huko Ulaya na Marekani kinaruhusu dawa hii, na wakulima wetu wa mboga na maua ya kuuza nje, ambao mazao yao hupimwa mabaki ya dawa yakifika bandarini, wanatafuta dawa inayovunjika upesi. Kijana wa Membley hakuota ndoto.

Gunia mbili, bei mbili

Sasa turudi kwenye asilimia, maana hapa ndipo pesa za chama zitakapopona au kupotea.

Maua makavu ya pareto huwa na pairethrini kati ya asilimia 1 na 2. Chukua gunia mbili zenye kilo 50 kila moja. La kwanza likiwa na asilimia 1 lina nusu kilo ya kile kinachouzwa. La pili likiwa na asilimia 2 lina kilo nzima. Kwa macho magunia hayo ni mapacha, kwenye mizani ni mapacha, lakini moja lina thamani mara mbili ya jingine. Ndiyo sababu tangu zamani mkulima wa pareto hulipwa kufuatana na kipimo cha maabara.

Na asilimia hiyo huharibika kwa urahisi wa ajabu. Ua likichumwa mapema mno, hupungua. Likiachwa likapitiliza, hupungua. Likirundikwa likiwa bichi likapata joto, hupungua. Likikaa stoo mwaka mzima likimngoja dalali, hupungua. Huchumwa kwa mkono, moja moja, kila baada ya wiki mbili au tatu msimu mzima, na inahitajika kilo nne hivi za maua mabichi kupata kilo moja iliyokauka. Mwalimu aliyeko darasani Ruiru na muuguzi wa zamu ya usiku watamsimamia nani huko Kinangop? Hapo Membley hawawezi kulima, kwa sababu pareto linataka baridi ya milimani ndipo litoe vichipukizi vya maua, na Ruiru, yenye kiasi cha mita 1,500 tu kutoka usawa wa bahari, ni nchi ya kahawa. Ama ilikuwa ya kahawa. Siku hizi ni ya mawe ya kujengea.

Kwa hivyo, mama mweka hazina, jibu langu ni kwamba msinunue miche kwa sasa. Usimfukuze kijana, lakini muulize maswali ambayo muuza miche huyakimbia. Kampuni inayokamua ni ipi, na leseni yake kutoka Mamlaka ya Kilimo na Chakula iko wapi? Mkataba utatiwa sahihi na nani, kampuni hiyo au yeye? Maua yatapimwa katika maabara gani, na je, mtapewa sehemu ya sampuli ile ile mkaipime kwingine mkitilia shaka? Malipo ni siku ngapi baada ya kipimo? Asilimia ikishuka chini ya 1, gunia litanunuliwa au litarudishwa, na nauli ni ya nani? Akijibu yote hayo kwa karatasi, si kwa mdomo, basi tumeni wawili wenu Kinangop wakatafute mkulima aliyeiuzia kampuni hiyo msimu uliopita, wamwombe awaonyeshe karatasi ya kipimo na ujumbe wa simu wa siku alipolipwa. Nauli ya matatu ya watu wawili haiwezi kushinda shilingi 480,000.

Pakanga na mbono kaburi

Wako watakaosema mwandishi huyu ana woga. Huenda. Lakini woga huo nimeupata kwa kusoma habari za mimea mingine miwili.

Wa kwanza ni pakanga. Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuhimiza dawa mpya za malaria zinazotokana na artemisinini, kemikali iliyomo katika majani ya aina moja ya pakanga kutoka Uchina, ghafla haikutosha. Kufikia mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walihimizwa kupanda, na kiwanda cha kukamua kikawekwa Athi River. Lakini bei ile ile iliyosikika Arusha na Nakuru ilisikika pia Uchina na Vietnam. Wote walipanda. Kufikia mwaka 2007 kilo ilikuwa imeanguka hadi dola 200 hivi. Miaka michache baadaye mimea ikapungua na bei ikaruka tena, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kutengeneza dawa hiyo kiwandani kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Mmea wenye soko moja, la dawa moja, hupanda na kushuka kama pembea, na anayeumia ni aliyepanda baada ya kusikia bei redioni.

Wa pili, mbono kaburi, sina haja ya kuuchosha. Mti wa uani ambao mafuta yake yangeendesha magari. Uliimbwa kuanzia mwaka 2006 hivi kutoka Kitui hadi Malindi. Uchunguzi uliofadhiliwa na shirika la Ujerumani la GTZ na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mkulima mdogo wa Kenya hakupata faida, na ukapendekeza mti huo usihimizwe isipokuwa kama ua wa boma. Mbegu zilikuwa zimekwisha uzwa.

Zaidi ya shamba

Iwapo akina mama wa Membley wanataka kuingia katika soko la kemikali za mimea, na ningependa waingie, basi waingie mlango walio karibu nao. Wanajua sabuni. Wana wateja. Shilingi 480,000 zinaweza kununua malighafi kwa bei ya jumla badala ya kilo kilo, mizani nzuri, na kuifikisha sabuni yao kwenye Shirika la Viwango ili ipewe alama, maana duka kubwa la Barabara ya Thika haliweki rafuni chupa isiyo na alama hiyo. Mafuta ya parachichi yanakamuliwa Murang'a, hatua chache kutoka kwao, na hutiwa katika sabuni na mafuta ya kujipaka. Hapo angalau mtu anaweza kuamka asubuhi akaona mali yake kwa macho.

Tahadhari moja tu. Wakitia mchaichai au mkaratusi katika mafuta ya kujipaka na kusema yananukia vizuri, sawa. Wakiandika kwenye chupa kwamba yanafukuza au kuua mbu, wamevuka mpaka: hiyo ni dawa ya wadudu kisheria, nayo lazima isajiliwe na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, kwa majaribio ya kuthibitisha kwamba kweli mbu hafi kwa kicheko. Majaribio hayo huchukua muda na hugharimu. Wengi wamenyang'anywa mali kwa sababu ya neno moja la lebo.

Nanyi wanafunzi wa Juja na Thika mnaosoma kemia huku mkiambiwa mtaishia ualimu, tazameni tena ile gunia mbili. Kati ya ua la mkulima na kopo la dukani pana mtu anayepima asilimia, mwingine anayechanganya kiini na viyeyushi, mwingine anayejua ni kwa muda gani dawa hiyo itakaa rafuni bila kuharibika, na mwingine anayeandaa karatasi za usajili ambazo zikikosewa, meli hurudi na mzigo. Kwa miaka mingi Kenya iliuza nje sehemu kubwa ya pareto lake kama kiini kitupu, na kazi hizo zote, pamoja na mishahara yake, zikafanywa kwingine. Mashina ya mananasi ya Thika yana kimeng'enya cha kulainishia nyama kinachoitwa bromelaini, ambacho Taiwan na Thailand hukikamua na kukiuza. Ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho kwa yeyote asiye na la kuandika.

Usiku wa leo, kabla ya kupuliza dawa chumbani kwa watoto, geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta "pyrethrins", hilo ni ua la pareto lenyewe. Ukikuta jina refu linaloishia kwa "thrin" bila "s", huyo ni binamu wa kiwandani. Nilisoma makopo sita katika duka moja la Ruiru juzi. Ua lilikuwa katika moja.